Taa ya Tairi kutoka Njombe hadi Kinole

Tangu nirudi kutoka Morogoro, kila mwalimu mwenzangu niliyempa lifti ameiangalia dashibodi, akaniangalia na mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia mgonjwa: "Mwalimu Rehema, ile taa si inawaka?"

Inawaka, naiona. Najua pia kwa nini mnashangaa. Mimi ndiye niliyekwenda shuleni kwa bodaboda wiki mbili nzima, miaka mitano iliyopita, kwa sababu taa hiyohiyo ya upepo wa matairi iliwaka nikakataa kupanda gari mpaka izimike. Salumu, mume wangu, Mungu amrehemu, alibembeleza mpaka akachoka. Sheria yangu ilikuwa moja: taa ikiwaka, sipandi. Siku moja akaingia ndani anafuta mikono, akasema, "Nimeirekebisha." Nikaenda kutazama, kweli imezimika, nikamsifu mbele ya majirani. Haikuwaka tena mpaka alipofariki.

Nimechoka kusimulia kipande kipande kila nikisimama kumshusha mtu. Haya, yote haya hapa.

Njombe hadi Makambako: sufuria yenye alama ya mshangao

Nilitoka eda siku ya Jumatano. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani, mimi na wifi yangu Mwanaidi, dada yake Salumu, aliyekaa nami Njombe miezi yote minne na siku kumi akilalamikia baridi. Tulikuwa tunakwenda kwao Kinole, juu ya milima ya Uluguru. Jumamosi kulikuwa na hitima, na baada ya hitima ndugu wangegawana vitu vya marehemu.

Mwanangu Idi hakutaka nikaendeshe njia ndefu hivyo. Nikamwambia, ili anyamaze, kwamba gari likinisumbua hata mara moja nitaliuza hukohuko. Kweli Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, kulikuwa na mtu anayelitaka, amekwishaliona kwenye picha, anangoja simu tu. Nilisema kwa ujasiri, lakini moyoni niliogopa. Salumu ndiye aliyenifundisha kuendesha, nikiwa na miaka hamsini na mbili, ndani ya gari hilohilo. Nilijua nikiliuza sitapata jingine, na tangu siku hiyo kila ninapotaka kwenda itabidi nimwombe mtu.

Muda wote wa eda gari lilikuwa chini ya turubai, hakuna aliyeligusa. Basi hatukumaliza hata kilomita kumi. Taa ikawaka.

"Wifi," Mwanaidi akasema, "hapo pana sufuria inachemka."

Mnaijua alama yenyewe: kitu kama sufuria isiyo na mfuniko, ndani yake alama ya mshangao. Ni tairi lililochorwa kwa ubavu, lakini ukitazama kwa macho ya mpishi, ni sufuria. Nikamweleza. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini, nina uhakika.

Makambako tulisimama kwenye kituo cha mafuta kwanza, na mhudumu wa pale naye akaona sufuria. Kabla sijasema kitu amefungua boneti anatafuta pa kutia maji. Tulibishana naye mpaka wateja wengine wakaanza kupiga honi. Ndipo akatuelekeza kwa fundi pancha nyuma ya soko. Fundi akapima matairi yote manne. Yalikuwa yamepungua kidogo, yote sawasawa, kama matairi ya gari lililolala. Akayajaza, akatwambia taa itazimika mbele ya safari.

Tukanywa chai kwa maandazi ya moto, Mwanaidi akala matano kwa ajili ya baridi, tukaondoka. Taa haikuzimika, nami hitima ikanilazimisha kuivunja sheria yangu.

Iringa na Kitonga: nondo ya dereva wa lori

Mpaka Iringa niliendesha kama ninayepeleka mayai sokoni. Magari madogo, magari makubwa, trekta moja, wote walinipita. Mwanaidi akawa ananitazama kwa pembeni.

"Wifi, kwa mwendo huu hitima tutaikuta imegeuka kuwa ya mwaka."

"Kelele."

Kabla ya kuanza kuteremka Kitonga nilisimama kabisa. Wanaoijua Kitonga hawahitaji maelezo: upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na katikati malori yanajikokota yakinuka breki. Mimi na sheria yangu tulikuwa tumekwama. Nikazima gari nikakaa.

Dereva wa lori la mbao aliyesimama mbele yetu alikuwa anazunguka lori lake na kipande cha nondo, anagonga tairi moja moja na kusikiliza. Alipofika tairi la mwisho akatuona. Nilimwamkia kwa adabu ya kuomba msaada, ingawa sidhani kama alinizidi umri. Nikamwonyesha taa. Hakuiangalia hata kidogo. Akaja na nondo yake akagonga langu la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Mama, haya yana upepo kuliko ya kwangu."

"Na taa?"

"Taa mimi sijui inasikia nini. Mimi nasikia tairi." Akarudia kugonga la mbele ili na mimi nisikie. "Sauti hii imejaa. Lililopungua linaitika kivivu. Weka gia ndogo, nifuate nyuma, usinipite."

Nilimpenda mtu yule. Hakunicheka, hakuniambia wanawake na magari. Alishuka polepole kuliko alivyohitaji, nami nyuma yake, Mwanaidi akisoma kila dua anayoijua na nyingine nadhani alizitunga palepale. Bondeni akapiga honi mara mbili, akaenda zake. Sikumwuliza jina.

Ruaha Mbuyuni hadi Mzumbe: furaha ya nusu siku

Kule chini joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Mwanaidi akavua sweta, akavua na soksi, akawa mtu mwingine. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, kwa sababu haiwezekani kupita pale bila kununua vitunguu. Tulikula ugali na kuku wa kienyeji aliyetushinda meno.

Tulipowasha gari kuondoka, taa haikuwaka. Nikaenda kilomita tano, kumi, ishirini. Hakuna kitu. Nikaanza kuimba. Mikumi tulipunguza mwendo kuwapisha pundamilia waliokuwa wakivuka bila haraka, na mimi nikawasalimia kwa mkono kama majirani. Nilimpigia Idi simu tuliposimama, nikamwambia baba yake alichagua gari la maana.

Usiku ule tulilala Mzumbe kwa rafiki yangu niliyesoma naye ualimu. Alitupikia wali wa nazi na mchicha, akatulaza pazuri. Lakini asubuhi ya Ijumaa, bado kuna ubaridi na umande kwenye vioo, nikawasha gari, na sufuria ikawaka.

Nilikaa nimeshika usukani. Nilichukua simu nikamwandikia yule mtu wa Bigwa kwamba saa sita mchana aje alichukue. Nilikuwa nimetoa ahadi, na ahadi ni deni. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana Mwanaidi alikuwa ameyaona mengi kuliko hayo.

Bigwa: fundi aliyeuliza swali

Hatukutaka kumkabidhi mtu gari bovu bila kujua ubovu wake. Mwanaidi akasema Bigwa yupo fundi matairi anayemjua, anaitwa Kibwana, mtu wa makamo aliyetengeneza matairi ya matrekta ya mashamba ya miwa kwa miaka mingi kabla ya kufungua kibanda chake chini ya mlima.

Nataka nimsifu kidogo Kibwana, maana mafundi huwa tunawakumbuka wanapotuharibia tu. Kwanza alinawa mikono. Pili alilizunguka gari mara tatu bila kuligusa. Kisha akaniuliza maswali kama daktari. Taa iliwaka lini? Asubuhi au mchana? Mahali pa baridi au pa joto? Ikiwaka, inakonyeza kwanza au inawaka moja kwa moja?

"Moja kwa moja," Mwanaidi akajibu kabla yangu. "Mimi ndiye nimekaa naiangalia tangu Njombe. Haijakonyeza hata mara moja."

"Basi si sensa kuchoka," Kibwana akasema. Akanieleza vizuri sana. Ndani ya kila tairi la gari kama langu kuna kidude kinachopima upepo, ndiyo sensa, na kina betri yake ndogo. Betri haibadilishwi, baada ya miaka kumi hivi inakufa na sensa yote. Sensa ikifa, taa hukonyeza kwanza, ndipo hutulia. Ikiwaka bila kukonyeza, maana yake sensa ni nzima na inasema kweli: kuna mahali upepo umepungua.

Akapima matairi manne. Yote mazima. Akapima spea tairi. Zima. Akajikuna kichwa.

"Basi nifungue moja nione hiyo sensa yenyewe."

Akapiga jeki, akatoa tairi la mbele, akalibandua kwenye rimu, akatazama ndani. Akatazama tena. Akafungua la pili. Halafu akakaa kwenye kigoda chake.

"Mama, hili gari halina sensa."

"Halina vipi?"

"Zimetolewa. Valvu hizi za kutilia upepo ni za mpira za kawaida tu. Sasa taa inaambiwa na nani?"

Naapa swali lile lilinitia baridi palepale kwenye jua la Bigwa. Kibwana alilichukua swali lake mwenyewe akaenda nalo kwenye buti. Akatoa vitunguu vyetu vyote. Akatoa spea tairi. Akatoa kipande cha zulia kilichokuwa chini yake. Chini ya zulia, kimefungwa kwa vipande vya mpira kisigongegonge, kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki, bomba la maji, urefu wa mkono, kimezibwa huku na huku kwa vifuniko vya kuzungusha. Kwenye kifuniko kimoja ilichomoza valvu ya tairi.

Kibwana akalitikisa. Ndani vikagongana vitu.

"Zimo humu," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekuta kitu kizuri. "Zote nne. Ametoa sensa kwenye matairi, akazitia kwenye bomba, akalijaza upepo. Gari linapima bomba, linadhani linapima matairi. Loo! Nani alifanya kazi hii?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Salumu alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Kwenye bomba kulikuwa na mwandiko wake wa kalamu nyeusi: *Upepo 32. Ijumaa.*

Nitawaambia ukweli: kwanza nilikasirika. Nilisema "Mwongo!" kwa sauti, mbele ya watu, nikimwambia maiti wa miezi minne. Miaka mitano nimekaa ndani ya gari najiona salama kwa sababu taa imezimika, kumbe taa inalinda bomba la maji! Mwanaidi alikuwa ameegemea ukuta wa kibanda, anacheka mpaka ananishika bega asidondoke.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Mama akikataa jambo, hagombani naye. Anakwenda pembeni anatafuta njia."

Kibwana hakucheka. Alikuwa anapima upepo wa bomba. "Ishirini na nne. Hivi vifuniko vinavuja kidogo kidogo, lazima mtu awe analijaza mara kwa mara. Baridi ikija upepo unasinyaa, taa inawaka. Joto likija unavimba, taa inazimika. Marehemu alikuwa analijaza lini?"

Hapo ndipo hasira ilipokwisha. Kila Ijumaa, baada ya kurudi msikitini, kabla ya kula, Salumu alitoka na geji ya kupimia upepo na pampu yake ya mkono akachuchumaa kwenye kila tairi. Kila Ijumaa, mvua au jua, miaka mitano. Akimaliza manne anainama kwenye buti, nami dirishani namwita chakula kinapoa, nadhani anapima spea tairi. Kabla ya hapo hakuwa na tabia ile. Ilianza wiki ileile aliposema ameirekebisha.

Nilimweleza Kibwana. Akatikisa kichwa taratibu.

"Mama, valvu za sensa hizi zikizeeka huvujisha upepo wa tairi, mpya hazipatikani kirahisi huku, na alijua hupandi taa ikiwaka. Taa ingekwambia tairi likishapungua. Huyu bwana alikuwa analikuta kabla."

Nililia tena, lakini si kama asubuhi.

Kibwana akarudisha matairi, akachukua mpira wa kompresa, akauliza, "Nilijaze bomba? Taa itazimika sasa hivi."

Nilifikiri. Mwanaidi akaacha kucheka, akangoja.

"Usilijaze," nikasema. "Niuzie geji."

Kisha nikampigia simu yule mtu wa Bigwa, nikamwomba radhi, nikamwambia gari haliuzwi.

Kupanda Kinole

Tulipita Kiroka, tukaacha barabara kubwa, tukaanza kupanda. Niwaambie nini kuhusu njia ile? Upande wa juu migomba, upande wa chini migomba, katikati mananasi, na harufu ya mdalasini ikiingia dirishani bila kuombwa. Maji yanateremka kila kona. Wanawake wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, wananyoosha mkono kutusalimu bila kupunguza hatua. Taa iliwaka njia nzima. Nilisimama mara mbili nikapima matairi, Mwanaidi akinishikia vifuniko vya valvu, na mara zote mbili tulikuta mambo shwari. Nilikuwa naendesha chini ya taa inayowaka na siogopi. Kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa kuliko kupanda mlima.

Jumamosi tulisoma hitima. Wapishi walipika pilau ya viungo vya shambani kwao, na sijala nyingine kama ile. Baadaye ukoo ukakaa kugawa. Mnajua Waluguru ukoo wao, wenyewe wanauita lukolo, ni wa upande wa mama. Vitu vya Salumu vilikuwa vya dada zake, ndugu zake na wapwa zake. Mke ni mgeni aliyekaa sana. Spana zake zikaenda kwa mpwa, misumeno kwa mpwa mwingine, redio kwa mjomba. Kuhusu gari Mwanaidi alisimama akasema mimi na marehemu tulilinunua pamoja na hakuna wa kuligusa, na hakuna aliyeligusa. Mwishoni mjomba wao akaniuliza, kwa upole, kama mgeni naye ana neno.

Nikasema naomba bomba.

Mzee alilipokea, akaligeuza, akachungulia. "Hili linatoa maji wapi?"

"Halitoi maji," Mwanaidi akajibu. "Linatoa uongo."

Ikabidi tueleze. Baraza zima lilicheka, watu wakafuta machozi kwa kanga na mashati, na nadhani pale ndipo msiba wetu ulipokwisha. Mjomba akanirudishia bomba kwa mikono miwili.

Kurudi

Jumapili asubuhi, kabla ya kuteremka, nilichuchumaa na geji yangu. La mbele kulia thelathini na mbili. La mbele kushoto hivyohivyo. La nyuma kulia sawa. La nyuma kushoto ishirini.

Nilirudia kupima. Ishirini. Nikapapasa kwa mkono, nikaukuta msumari umezama kwenye mpira, umebaki kichwa tu. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wote wa Kinole, makona yake na mabonde yake. Taa ilikuwa inawaka vilevile ilivyowaka juzi. Ningelijaza bomba pale Bigwa, ingekuwa imezimika kabisa, nami ningeshuka naimba.

Mwanaidi hakucheka. Alikunja kanga, akaniletea jeki. Tukaweka spea tairi sisi wenyewe, wajane wawili, maana na yeye ni mjane wa zamani, huku majirani wa Kinole wakitaka kusaidia na sisi tukiwakatalia. Aliponiaga alinishika mikono iliyojaa grisi, akasema, "Sasa nenda, wifi. Nimeona umeshajua."

Kwa hiyo ndiyo, inawaka. Najua inachosema, na najua inamsema nani. Bomba nimeliweka juu ya kabati la vyombo, halina upepo, halivuji tena. Kwao Salumu sikurithi spana wala redio, na sikudai. Nilirithi kazi yake ya Ijumaa, ambayo hakuna aliyeigombea kwa sababu hakuna aliyejua kama ipo.

Mkipita kwangu siku hiyo mchana mkanikuta nimechuchumaa kwenye tairi, msinihurumie. Njooni mnishikie vifuniko vya valvu, maana huwa vinanipotea.